Mbona Hukusema "Eti"?

Chukua sentensi moja ya msimu wa korosho: "Bei imepanda." Inaweza kusemwa Masasi, Newala au Tandahimba, mbele ya ghala la chama cha msingi, na kila mtu akaielewa. Ina kiima, ina kitenzi, haina kasoro. Mwalimu wa sarufi ataipa alama zote. Lakini ukikaa nusu saa kwenye benchi la nje ya ghala hilo, hutaisikia ikiwa uchi namna hiyo. Utasikia "Eti bei imepanda", na papo hapo utajua kwamba msemaji ameambiwa tu, hajaona karatasi ya mnada, na asingependa kesho aje kushikwa shati. Utasikia "Kumbe bei imepanda", na huyu umwonee huruma, maana huenda wiki iliyopita aliuza kwa kangomba, bakuli kwa bakuli, kwa mtu aliyejua asichokijua yeye. "Mbona bei imepanda?" ni ya aliyehakikishiwa kwamba itashuka. "Si bei imepanda!" inamlenga mtu mmoja mahususi, mara nyingi mume au shemeji, anayeendelea kusema hana hela ya ada. "Hivi bei imepanda?" inaulizwa na mtu ambaye swali limemjia ghafla, katikati ya mazungumzo ya mambo mengine. Na ukisikia "Bei imepanda ati!", neno likiwa mwishoni na sauti ikiwa juu, geuka umtazame: huenda ni mgeni aliyelelewa Mombasa au Unguja, amekuja kununua.

Habari katika sentensi zote hizo ni moja. Kinachobadilika ni mahali aliposimama msemaji: amejuaje, alitarajia nini, anamdhania nini anayemsikiliza. Kazi hiyo yote inafanywa na neno la silabi moja au mbili ambalo ukiling'oa, sentensi haianguki. Na kwa kuwa haianguki, tumezoea kudhani kwamba neno lenyewe halikuwa na kazi.

Nitayaita maneno haya vijineno, maana majina tuliyofundishwa hayanisaidii. Darasani tunahesabiwa aina nane za maneno, na ya nane, vihisishi, ndiyo stoo ya nyumba. Humo zimetupwa "lo", "ala", "ebo" na "kumbe", kila moja imebandikwa alama ya mshangao. "Mbona" imepelekwa kwenye viulizi, "kwani" na "basi" kwenye viunganishi, "si" kwenye ukanushi. Mwanafunzi anamaliza kidato cha nne akijua kwamba "kumbe" huonyesha mshangao. Hakuna aliyemwonyesha kwamba mtu anaweza kusema "kumbe" kwa sauti ya chini kabisa, bila mshangao wowote, akiwa msibani, baada ya kuelewa kwa nini marehemu alikuwa hapokei simu.

Kamusi nazo hazisaidii sana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa na TUKI mwaka 1981, ni kazi ninayoiheshimu na ninaifungua kila wiki. Ikikueleza mti, samaki au sehemu za jahazi unatulia. Ikifika kwenye vijineno inafanya kama kamusi nyingine zote duniani: inaharakisha. Neno la kuonyesha hiki, neno la kuulizia kile, kisha tunaingia kwenye nomino inayofuata. Si kosa la waandishi wake peke yao. Maana ya mti ipo hata msituni kusipokuwa na mtu. Maana ya "mbona" inahitaji watu wawili, na kamusi haina mtu wa pili.

Kama ningepewa nafasi ya kuandika kidahizo kimoja, ningechukua "si". Simaanishi ile ya "mimi si mwizi", bali ile ya "si nilikwambia!" Hii haikanushi chochote. Msemaji anadai mambo matatu kwa pumzi moja: nilikwambia, unajua kwamba nilikwambia, na sasa unajifanya hujui. Asili yake, nadhani, ni swali la kukanusha, je, si kweli kwamba nilikwambia, ambalo limevuliwa sauti ya swali likabaki dai tupu. Wajerumani wana neno "doch" linalofanya kazi inayokaribiana na hiyo, na wataalamu wao wamelijazia rafu nzima za maktaba, pamoja na wenzake "ja", "mal" na "schon". Sisi "si" yetu tumeiacha mitaani.

Sasa ivushe hiyo "si" mpaka wa Namanga. Nairobi kijineno hicho kimekuwa cha upole: "Si tukae hapa tunywe chai" ni pendekezo, tena la heshima, na "si unipatie maji" ni ombi. Mtu wa Masasi akiambiwa "si ukae" anaweza kusikia kitu kingine kabisa: kwani nani amekuzuia? Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule, na hakuna kati yao anayekosea Kiswahili. Mmoja anakaribisha, mwingine anahisi amekaripiwa. Tumeandika sana kuhusu tofauti za msamiati kati ya Tanzania na Kenya, nani anasema runinga na nani anasema televisheni, ilhali tofauti hizo hazijawahi kumgombanisha mtu na mgeni wake. Hizi ndogo ndizo zinazogombanisha.

"Mbona" imekwenda njia kama hiyo. Kwetu haijawahi kuwa sawa na "kwa nini". Ukiniuliza "kwa nini umechelewa?" unataka sababu. Ukiniuliza "mbona umechelewa?" unaniambia kwamba ulinitarajia mapema, na sababu yoyote nitakayotoa itapimwa kwa matarajio hayo. Katika mazungumzo ya vijana wa Nairobi "mbona" imekaribia kuwa swali la kawaida la kutafuta sababu, bila lawama ndani yake. "Kwani" nayo ina nyuso mbili hata ndani ya Tanzania yenyewe. Katikati ya sentensi ni "kwa sababu", neno la hotuba, la taarifa na la mahubiri. Mwanzoni mwa sentensi ni kitu kingine: "Kwani wewe huendi?" inapima dhana ambayo msemaji alikuwa nayo na sasa inamponyoka. Ile ya kwanza inakubaliwa katika insha. Ya pili mwalimu anaipigia mstari mwekundu. Lakini ya pili ndiyo inayofanya kazi ambayo hakuna neno jingine la Kiswahili linaloiweza.

Si sisi peke yetu tuliogawanyika namna hii. Wakurdi wana lugha yenye matawi, na matawi yenyewe hayakubaliani kwenye vijineno. Anayesema Kikurmanji akitaka kusema "na aje" anatumia "bila": "bila bê". Anayesema Kisorani anatumia "ba": "ba bêt". (Hiyo "bila" haina undugu wowote na "bila" yetu, ingawa msomaji wa Kiswahili akiiona kwa mara ya kwanza lazima atasita.) Kikurmanji kina pia "ma", inayokaa mwanzoni mwa swali ambalo msemaji hatarajii kujibiwa: "Ma ez nizanim?" Nikiulizwa tafsiri yake kwa Kiingereza nitajikongoja. Kwa Kiswahili inakuja yenyewe: "Kwani mimi sijui?"

Narudi Masasi, kwa kuwa mji huu una haki maalumu katika kesi hii. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Miaka sita baadaye, akiwa askofu wa misheni ya Waanglikana ya UMCA, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, wakaanzisha kijiji chini ya milima ile ya mawe. Alikuwa amekwisha kukusanya maneno ya Kiyao, na mwaka huohuo wa 1876 ukatoka mkusanyiko wake wa Kimakonde. Kwa hiyo mtu aliyekiandika Kiunguja kwa kirefu, lahaja ambayo mwaka 1928 ingeteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ndiye huyohuyo aliyefungua misheni hapa. Masasi haikusubiri usanifishaji uje na gari la serikali. Kiswahili cha kitabuni kilifika kwa miguu, na kikakuta watu wenye Kiyao, Kimakua, Kimakonde na Kimwera vinywani mwao, pamoja na lugha za wale wageni waliokombolewa, ambazo hakuna aliyezihesabu.

Mwaka 1906 akaja Mjerumani, Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig. Alipita Masasi, akakaa Chingulungulu, akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala, akiwa na mashine ya kunasia sauti kwenye silinda za nta. Tunamshukuru kwa nyimbo alizozinasa. Lakini fikiria mazingira: mtu amesimamishwa mbele ya tarumbeta la mashine, ameambiwa aimbe, hana wa kujibizana naye. Katika hali hiyo "mbona" haina pa kutokea. Na aliyekuwa anasikiliza alitoka katika lugha inayoweka "doch" na "ja" kila mahali. Kati ya wazungu wote waliopita uwanda huu, yeye ndiye aliyekuwa na sikio lililoandaliwa kwa kazi hiyo, naye akarudi Ujerumani na ngoma, vinyago na nyimbo.

Lugha alizozikuta zina utajiri wake katika jambo hili. Kiswahili kina "kwamba", iliyozaliwa na kitenzi cha zamani "kuamba", yaani kusema. Kiyao kina "kuti", ambayo pia ni kusema. Kimakua kina "wiira", inayotokana na kitenzi cha kusema. Lugha hizi zote, kabla ya kuleta habari, zinakumbuka kwamba kuna mtu aliyeisema. "Ati" na "eti" zetu nazo huhusishwa na mzizi ule wa kale wa Kibantu, -ti, uliomo ndani ya "kuti". "Eti", kwa maneno mengine, haijatoka kijiweni. Ni ndugu wa "kwamba", ila mmoja alipata ajira serikalini.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wasomaji ninapowaeleza. Katika Kimakonde na Kimakua, kitenzi cha wakati uleule kinaweza kuwa na maumbo mawili. Moja hutumika pale uzito wa habari unapokuwa kwenye neno linalokifuata kitenzi. Jingine pale usipokuwa hapo. Peter Kraal alilieleza katika sarufi yake ya Kimakonde cha Chinnima ya mwaka 2005, na Jenneke van der Wal katika utafiti wake wa Kimakua cha Mozambique wa mwaka 2009, wote wawili wakiwa Chuo Kikuu cha Leiden. Maana yake ni kwamba bibi wa Newala hawezi kusema "amenunua chumvi" kwa Kimakonde bila kwanza kuamua, ndani ya kitenzi, kama chumvi ndiyo habari. Kiswahili hakimlazimishi kufanya uamuzi huo. Kitenzi chetu hakina kiungo cha kuubebea. Mimi huamini kwamba ndiyo sababu "ndo" na "tu" zinafanya kazi nyingi sana katika Kiswahili cha huku: "chumvi ndo amenunua", "amenunua chumvi tu". Mtu aliyezoea kubeba mzigo kwa kamba moja akiinyimwa, atatafuta kamba nyingine. Mashariki ya Congo, ambako Kiswahili nacho kinaishi katikati ya lugha nyingine, kuna "njo", ndugu wa "ndo" yetu, nayo haipumziki.

Hayo hayaonekani, kwa sababu Kiswahili cha kusini kinasikilizwa kwa sikio moja tu, la kuchekea. Mchekeshaji akitaka Mmakonde, anasema "ntu" na "nkono", ukumbi unacheka, kazi imekwisha. Lakini Adam Shafi aliipa riwaya yake ya mwaka 1999 jina Vuta n'kuvute, na hakuna aliyecheka. Kisarufi si kitu kimoja, nakubali: "n" ya Shafi ni "ni" iliyomezwa irabu, ya kusini ni "m" iliyovutwa na konsonanti inayoifuata. Hata hivyo zote mbili ni matamshi ya mdomo yaliyokataa kunyooshwa. Moja ilipewa ritifaa na ukurasa wa mbele wa kitabu, nyingine ikapewa kazi ya kuchekesha watu harusini.

Vuta n'kuvute ninaitaja kwa sababu nyingine pia. Ni katika riwaya chache ambazo mazungumzo yake unaweza kuyasoma kwa sauti bila kuona haya. Riwaya nyingi za Kiswahili zina ugonjwa huu: msimulizi anasema Kiswahili safi, na wahusika nao wanasema Kiswahili safi kilekile, kana kwamba wote wanaandikiana barua za kuomba kazi. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia hadithi ambayo ndani yake mama na binti wanagombana kuhusu shamba la mikorosho. Alikuwa amefuta "si" zote na "kwani" zote mbili, akaandika pembeni kwamba ni za ziada. Ugomvi ukageuka kuwa kikao. Binti alikuwa amesema "Si ulisema la kwangu?" na sasa anasema "Ulisema ni la kwangu." Wa kwanza ameumia, wa pili anatoa taarifa.

Nimtendee haki mhariri yule. Alikuwa na hoja kwamba gazeti linasomwa kuanzia Kigoma hadi Lamu, na kwamba kijineno cha mahali fulani kinaweza kueleweka vingine kwingine. Nimekwisha kueleza jinsi "si" inavyoweza kugombanisha. Na ni kweli kwamba mwandishi mchanga akigundua "bwana" na "jamani" anazinyunyiza kama chumvi ya kukaushia samaki. Lakini kipimo si wingi. "Bwana" inayotumika kuonyesha tu kwamba mhusika ni mtu wa kawaida inaweza kuondoka salama. "Si" inayobeba dai kwamba mama anajua na anajificha, ukiiondoa umebadilisha hadithi.

Watafsiri wanalijua hili kuliko sisi, kwa kuwa wao hulazimika kuamua. Ida Hadjivayanis alipokileta kwa Kiswahili kitabu cha Abdulrazak Gurnah, Paradise, kwa jina Peponi, alikuwa na kazi ambayo kwa nje inaonekana kama kurudisha watu nyumbani: wahusika wa pwani, waliosemeshwa Kiingereza na mwandishi wao, warudi kusema Kiswahili. Lakini Kiingereza hakina "kumbe". Hakina "eti". Kila mfasiri wa kitabu cha aina hiyo anakuta sentensi tupu na anapaswa kujiuliza mhusika amesimama wapi: ameshangaa, ameambiwa, analaumu? Akiacha sentensi tupu, watu wake watakuwa kama wamelishwa ganzi. Akijaza, ameongeza kitu ambacho hakikuandikwa. Hakuna njia ya tatu, na ndiyo maana tafsiri ya mazungumzo ni uhakiki kabla haijawa kitu kingine.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo sanaa yote iko katika kuizuia "eti" isitokee. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari. Ilitoka mwaka 1963, ikarekebishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Kumbuka hotuba ya Antoni juu ya maiti. Ameruhusiwa kusema kwa masharti ya wauaji, basi anarudia tena na tena kwamba Bruto ni mtu wa heshima, mpaka maneno hayo yanaoza mbele ya umati. Mswahili wa kawaida mwenye hasira kama ya Antoni angesema: eti ni mtu wa heshima. Na hotuba ingekufa palepale. Wauaji wangeshtuka, umati ungejua mapema anakoelekea. Antoni anafaulu kwa sababu anawaachia wasikilizaji waiweke "eti" wenyewe, kimoyomoyo, kila mmoja kwa wakati wake. Mfasiri wa Kiswahili ana silaha mkononi ambayo Shakespeare hakuwa nayo, na kazi yake ni kutoifyatua. Natamani siku moja nimsikie mwalimu wa fasihi akilifundisha hilo badala ya kuuliza tena kuhusu dhamira na maudhui.

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Kilwa, aliandika tamthilia ambayo kwangu ni tamthilia ya "eti" iliyokosekana. Kinjeketile, ya mwaka 1969, inamweka mbele yetu mganga wa Ngarambe anayeingia mtoni na kutoka na neno la Hongo: yako maji, na kuna ushindi. Akiwa amepandwa, anasema pia kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said wa Unguja. Akizinduka na kuambiwa aliyoyasema, anashtuka. Hapo ndipo mchezo unapogeuka: yeye aliyelileta neno anaanza kulitilia shaka, na watu waliolipokea hawana shaka tena. Wahakiki wameisoma kama tamthilia ya uongozi, ya umoja, ya imani na ukweli, na zote ni sahihi. Mimi naisoma pia kama historia ya sentensi. Mara ya kwanza ni "Hongo amesema". Baadaye ni "Kinjeketile amesema Hongo amesema". Mwishoni ni "maji yanazuia risasi", tupu, bila msemaji, na sentensi ya namna hiyo haiwezi kurudishwa kwa mwenyewe. Kinjeketile anapojaribu kuwasihi wangoje, anajaribu kuirudishia sentensi ile msemaji wake, na amechelewa.

Haya hayakutokea mbali na hapa. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilifika Masasi, misheni ikachomwa moto, wamisionari wakakimbilia pwani. Weule alipofika mwaka uliofuata alikuta nchi ambayo jeraha lake lilikuwa bado bichi. Na tusidhani kwamba sentensi zisizo na msemaji zilikwisha pamoja na silinda za nta. Oktoba 2018 wakulima wa korosho waliikataa bei ya wanunuzi mnadani. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Katika majuma kama yale, mtu mwenye magunia saba ghalani anaishi na kufa kwa vijineno. "Eti watalipa wiki hii" na "watalipa wiki hii" ni tofauti kati ya kukopa na kutokopa. Magazeti yana maneno yao kwa hali hiyo, "imedaiwa" na "inasemekana", na nayaona ni maneno ya woga. "Inasemekana" haina anayesema wala anayesikia. "Eti" ina mtu ndani yake: nimeambiwa, na mimi ninayekwambia bado sijakubali.

Ni kweli pia kwamba "eti" si ya shaka siku zote. Mtoto akisema "Eti shangazi, kesho hatuendi shule?" hamkejeli mtu. Anataka tu shangazi athibitishe alichosikia kwa mwingine. Sauti ndiyo inayoamua, na karatasi haina sauti. Lakini hata katika swali la mtoto kiini ni kilekile: neno hili nimelipokea, si langu.

Ndiyo maana pananisumbua mahakamani. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aseme aliona, aliyesikia aseme alisikia. Kiswahili kina kijineno kilichotengenezwa kwa kazi hiyohiyo, na kila shahidi anakuja nacho bure. Kwa miongo mingi, kutoka mahakama ya wilaya kwenda juu, shahidi alisema kwa Kiswahili na mwenendo ukaandikwa kwa Kiingereza, na "eti" haikuwa na pa kukaa katika Kiingereza kile. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kizuizi hicho kimeondoka. Kimebaki cha pili, kilichoko mkononi mwa yeyote anayeandika maelezo kituoni au kumbukumbu barazani, aliyefundishwa shuleni kwamba maneno haya si lugha ya ofisi. Mama amesema: "Eti alikuja usiku, akachukua magunia, akaondoka." Karatasi inasema: alikuja usiku, akachukua magunia, akaondoka. Miezi minane baadaye wakili anasimama, anashika karatasi ile, anauliza: wewe mama, ulimwona kwa macho yako au uliambiwa? Na mama anamtazama, haelewi anaulizwa nini.

"Mbona nilisema eti?"